Kutuliza Maumivu Bila Afyuni

  

Leo tumekusudia kusema nanyi juu ya jambo la mwili ambalo lagusa na moyo pia. Ni maumivu yanayomjia mtu baada ya kufanyiwa operesheni ya kano za goti, na jinsi ya kuyatuliza pasipo kutegemea dawa za jamii ya afyuni.

Huenda mmoja wenu akauliza, kwa nini goti? Twajibu kwamba vijana wetu ni wachezaji. Kila Jumamosi viwanja vya shule na vya mitaa vimejaa wavulana na wasichana wakicheza kandanda, mpira wa wavu na mpira wa kikapu. Na kano za goti hazingoji mtu apigwe teke. Mara nyingi mchezaji yu peke yake: ameruka akatua vibaya, au alikuwa akikimbia akageuka ghafla, akasikia kitu kikilia ndani ya goti. Baada ya saa chache goti limevimba. Wasichana huumia hivyo mara nyingi zaidi kuliko wavulana katika mchezo uleule. Hata wachezaji mashuhuri hawakuepuka. Virgil van Dijk wa Liverpool aliumia kano ya goti mwezi wa Oktoba 2020, akafanyiwa operesheni, na hakucheza tena msimu ule. Alexia Putellas wa Hispania aliumia vivyo hivyo Julai 2022, lakini mwaka wa 2023 alikuwa katika timu iliyotwaa Kombe la Dunia la wanawake.

Ndani ya goti mna kano mbili zilizopishana mfano wa msalaba. Ile ya mbele huuzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele ya mfupa wa paja. Ikikatika kabisa, mara nyingi haijiungi yenyewe kama mfupa uliovunjika. Si kila mtu aliyekatika kano hiyo huhitaji kisu. Wengine hupona vya kutosha kwa mazoezi. Lakini yule ambaye goti lake halitulii, daktari humtengenezea kano mpya. Huchukua kipande cha ukano kutoka nyuma ya paja, au chini ya pia ya goti, akatoboa tundu katika mifupa miwili na kukipitisha humo, kisha akakifunga imara. Basi mwaona, wapendwa, kwamba mgonjwa huyu ana majeraha zaidi ya moja: pale palipotolewa ukano, pale mifupa ilipotobolewa, na goti lenyewe lililojaa maji na damu. Hapana ajabu akiumwa.

Sasa na tumfikirie kijana aliyetoka hospitali jioni ya leo. Mguu umefungwa bendeji, magongo yameegemezwa ukutani, na mama ameketi kando ya kitanda. Kijana hana maumivu, anacheka, asema operesheni si kitu. Lakini hajui kwamba sindano ya ganzi ndiyo inayosema kwa niaba yake. Ganzi hiyo hudumu saa kadhaa, pengine mpaka kesho yake, halafu huisha. Ikiisha usiku wa manane, na hakuna dawa iliyomezwa kabla, maumivu humvamia kama mwizi aliyekuta mlango wazi. Huo ndio usiku ambao watu wengi hutafuta dawa yoyote, kutoka kwa mtu yeyote.

Hapa ndipo penye hatari. Jirani mwema atakuja na vidonge vilivyobaki tangu alipovunjika mkono. "Hivi ni vikali," atasema, "utalala kama mtoto." Naam, atalala. Lakini vidonge hivyo ni nini?

Zipo dawa zitokanazo na utomvu wa mmea wa afyuni, au zilizotengenezwa kwa mfano wake. Mofini, kodeini, pethidini na tramadoli zote zi katika jamii hiyo. Hufanya kazi katika ubongo na uti wa mgongo, na huzuia habari ya maumivu isisikike. Ni dawa zenye nguvu, nasi hatuji hapa kuzilaani. Mgonjwa wa saratani aliye katika mateso makali anastahili mofini, na ni ukatili kumnyima. Lakini dawa hizi huleta kichefuchefu, hufunga choo, hulegeza akili, na zikizidi hupunguza pumzi hata mtu akafa usingizini. Tena mwili huzizoea. Kilichotosha wiki iliyopita hakitoshi leo, na mtu akiacha ghafla hutetemeka, hutoka jasho na hukosa usingizi.

Nchi ya Marekani imejifunza jambo hili kwa machozi. Tangu miaka ya 1990 vidonge vya namna hiyo viliandikwa kwa wingi sana, hata kwa maumivu ambayo yangetulizwa kwa dawa nyepesi. Wengi walianza na karatasi ya daktari wakaishia barabarani. Katika mwaka wa 2021 peke yake, watu zaidi ya 80,000 walikufa huko kwa kuzidisha dawa za jamii ya afyuni, za hospitali na za magendo pamoja. Hayo si mambo ya kutazamwa kwa mbali. Kidonge hakiulizi mtu ametoka nchi gani.

Basi, je, mgonjwa wa goti aachwe aumie? Hasha! Twashukuru kwamba iko njia nyingine, nayo imepimwa.

Huko Hamilton, nchini Kanada, madaktari waliwachukua wagonjwa 200 waliokuwa wakifanyiwa operesheni ya goti au bega kwa kamera ndogo, wakawagawanya kwa kura. Kundi moja lilipewa vidonge vya jamii ya afyuni kama ilivyokuwa desturi. Kundi la pili lilipewa naproksen, parasetamoli na dawa ya kulinda tumbo. Vidonge vichache vya afyuni viliwekwa akiba kwa yule atakayeshindwa kabisa. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2022. Baada ya wiki 6, wale wa kwanza walikuwa wametumia kwa wastani kiasi kinacholingana na miligramu 72.6 za mofini. Wale wa pili walitumia 8.4 tu. Na maumivu je? Hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili. Wa pili hawakuteseka kuliko wenzao.

Imewezekanaje? Ni kwa sababu dawa mbili zisizo za afyuni, kila moja ikiwa na njia yake, zikifanya kazi pamoja hushinda nguvu ya moja. Nyama ikijeruhiwa, mwili hutengeneza vitu vinavyoleta uvimbe na kuichochea mishipa ya fahamu ilie zaidi. Aspirini, ibuprofeni, naproksen na diklofenaki huuzuia mwili usitengeneze vitu hivyo. Siri hiyo ilifumbuliwa na mtaalamu Mwingereza, John Vane, mwaka wa 1971, naye akapewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1982. Kwa hiyo dawa hizi hutuliza maumivu palepale yanapoanzia, na hupunguza uvimbe pia. Parasetamoli nayo hufanya kazi zaidi katika ubongo na uti wa mgongo, ingawa haimo katika jamii ya afyuni. Ni kama walinzi wawili, mmoja langoni na mmoja mlangoni mwa nyumba.

Lakini walinzi wakilala, mwizi hupita. Twataka mlishike sana neno hili: katika siku za kwanza dawa humezwa kwa kufuata saa, haingojei kilio. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Maumivu madogo hutulizwa kwa dawa ndogo. Yakiachwa yakakua, hata dawa kubwa huchelewa.

Na tutoe mfano kwa mtu mzima mwenye afya njema, ambaye daktari wake amekubali. Parasetamoli, vidonge 2 vya miligramu 500, kila baada ya saa 6: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 6 usiku. Hivyo ni vidonge 8 kwa siku nzima, wala visizidi. Ibuprofeni ya miligramu 400 humezwa mara 3, baada ya chakula: baada ya uji wa asubuhi, baada ya chakula cha mchana, na baada ya chakula cha usiku. Kidonge cha kwanza kimezwe kabla ganzi haijaisha. Mama au ndugu anayeuguza achukue karatasi, aandike saa na dawa, na kila mara atie alama. Mgonjwa aliyekosa usingizi hakumbuki vizuri, na karatasi haisahau.

Maumivu ya operesheni hii huwa makali zaidi siku 2 au 3 za kwanza, kisha huanza kushuka. Yakishuka, dawa zipunguzwe pia. Mwulizeni daktari dawa ya uvimbe imezwe siku ngapi, kwa maana madaktari wengine hupenda itumike kwa muda mfupi tu wakati kano mpya inaposhikamana na mfupa.

Sasa twaja kwenye maonyo, na twawasihi msiyapite. Dawa kuuzwa dukani bila karatasi si kusema kwamba haina madhara. Parasetamoli ikizidi huharibu ini, tena kimyakimya. Mtu aweza kujiona mzima siku ya kwanza, kumbe ini linakufa. Anayekunywa pombe nyingi, mwenye ugonjwa wa ini, au mtu mwembamba sana, aulize kwanza, maana kipimo chake huenda kikawa kidogo. Tazameni pia dawa za mafua na za kichwa: nyingi zina parasetamoli ndani yake ingawa jina la juu ni jingine. Mtu aweza kuzidisha pasipo kujua.

Ibuprofeni na ndugu zake huweza kutoboa tumbo na kudhoofisha mafigo. Aliyewahi kuwa na vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa mafigo au wa moyo, mwenye shinikizo la damu, mwenye pumu inayochochewa na dawa hizo, mama mjamzito, na anayemeza dawa za kuzuia damu isigande, wote hao wasizimeze mpaka daktari aseme. Wala mtu asichanganye mbili za jamii hiyo. Ibuprofeni pamoja na diklofenaki si nguvu maradufu, bali ni hatari maradufu. Parasetamoli na ibuprofeni zaweza kutumika pamoja kwa sababu si za jamii moja.

Tena, si dawa peke yake inayotuliza. Barafu ni msaada mkubwa, nayo haina sumu. Ifungeni katika kitambaa, muiweke juu ya goti dakika 15 au 20, kisha muiondoe na ngozi ipumzike. Isigusane na ngozi yenyewe, na ikiwa mguu bado una ganzi, angalieni zaidi, maana mgonjwa hatasikia ikimwunguza. Pasipo friji, kitambaa kilicholoweshwa maji baridi ya mtungi na kukamuliwa vizuri chafaa, mradi jeraha na bendeji visilowe.

Mguu uinuliwe juu kuliko moyo, mgonjwa akiwa amelala. Hapa wengi hukosea kwa huruma: huweka mto chini ya goti ili lipinde kidogo, kwa sababu hivyo huona raha. Lakini goti lililozoea kupinda hukataa kunyooka baadaye. Mto uwekwe chini ya kisigino na shavu la mguu, goti lenyewe libaki limenyooka. Na mgonjwa achezeshe kifundo cha mguu juu na chini mara nyingi mchana, akaze msuli wa paja na kuulegeza, kama alivyofundishwa hospitali. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutuliza maumivu, wapendwa. Mtu anayeumwa sana haufanyi mguu mazoezi, na mguu usiofanya mazoezi hukonda na kukakamaa. Operesheni yaweza kuwa njema kabisa, na goti likapotea kwa kukosa mazoezi.

Huenda sasa mtu mmoja ananung'unika moyoni, "Mimi ni mwanamume, vidonge vya nini? Nitavumilia." Na mwingine asema, "Mimi ni mtu wa imani; kumeza dawa ya maumivu ni kukosa kumtegemea Mungu." Twawajibu nyote wawili kwa upole. Msamaria wa mfano ule tunaoujua sote hakumhubiria majeruhi juu ya uvumilivu. Alitia mafuta na divai katika majeraha yake, akayafunga, akampandisha mnyama wake, akalipa gharama ya malazi. Luka, aliyesafiri na mtume Paulo, alikuwa tabibu. Uvumilivu ni wa yale yasiyoondoka. Yale yanayoweza kuondolewa kwa njia halali, hatuoni fadhila katika kuyakumbatia. Mficha maradhi kilio kitamfichua.

Lakini na upande wa pili tuuseme. Yuko anayetaka asisikie maumivu hata kidogo, naye hudai dawa iongezwe mpaka kila kitu kinyamaze. Huyo naye amekosa njia. Baada ya operesheni haiwezekani kutosikia lolote. Lengo letu ni kwamba mgonjwa aweze kulala, kula, kwenda msalani kwa magongo, na kufanya mazoezi yake. Maumivu yaliyobaki baada ya hapo ni mjumbe: humwambia asikanyage kwa haraka, kwa maana kano mpya bado ni changa. Mchezaji hungoja miezi 9 au zaidi kabla ya kurudi uwanjani, wala hakuna kidonge cha kuifupisha miezi hiyo.

Na ikiwa amemeza kwa saa, akaweka barafu, akainua mguu, na bado hawezi kuvumilia? Basi asione haya. Arudi kwa daktari, au apige simu aseme wazi. Daktari aweza kumpa vidonge vichache vya jamii ya afyuni kwa siku chache, naye avimeze kama alivyoagizwa, asiendeshe gari wala pikipiki, asivichanganye na pombe wala dawa za usingizi. Vikibaki, avirudishe kwenye duka la dawa, asivitunze kabatini. Kidonge kilichobaki kabatini ndicho kitakachompata mtoto wa nyumba, au kile atakachopewa jirani kwa wema.

Kuna dalili ambazo si za kutulizwa nyumbani. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikikatika na kifua kuchoma, huenda damu imeganda mshipani. Mpelekeni hospitali mara moja, hata kama ni usiku. Vidole vya mguu vikiwa baridi au vimebadilika rangi, ganzi isiyoisha, homa, usaha, au maumivu yanayozidi siku baada ya siku badala ya kushuka: hayo yote ni ya daktari. Hali kadhalika choo cheusi kama lami, au matapishi yenye damu, au macho ya manjano, ni ishara kwamba dawa yenyewe imedhuru. Iacheni na mwende upesi.

Mwisho, twapenda kuwaambia neno ninyi mnaouguza. Mgonjwa wa goti hafi, kwa hiyo huruma ya watu huisha mapema. Siku ya kwanza nyumba imejaa wageni. Siku ya nne yu peke yake, barafu imeyeyuka na hawezi kuinuka kuifuata. Kumletea maji ya kumezea kidonge saa 6 za usiku ni kazi ndogo isiyoonwa na mtu, lakini ndiyo inayomzuia asiutafute mfuko wa vidonge vya jirani. Ikiwa unaye mgonjwa wa namna hiyo katika mtaa wako, usimpelekee dawa zako. Mpelekee uji, mpelekee barafu, keti naye kidogo, umsaidie kusoma karatasi yake ya saa.

Tumefika mwisho wa mazungumzo yetu ya leo. Twamwombea kila mmoja anayelala na maumivu usiku huu apate nafuu, na kila anayekesha naye apate nguvu. Mpaka tutakapokutana tena, twawaaga kwa kuwatakia usiku mwema. Kwaherini.